Barua ya wazi kwa wakuu wa utamaduni: 2028 ya Siti binti Saad ianze kuandaliwa sasa

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya utamaduni, wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na wa Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kwa wakuu wa ZBC na TBC. Kwa mabaraza ya sanaa, BASSFU ya Zanzibar na BASATA ya bara. Kwa mabaraza ya Kiswahili, BAKIZA ya Zanzibar na BAKITA ya bara. Na kwa wote waliokabidhiwa nyaraka zetu pale Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar.

Assalaam aleikum. Walionizidi umri, shikamooni.

Mwaka 2028 itatimia miaka 100 tangu Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, na wenzake wapande meli kutoka Unguja kwenda Bombay, India, kuimba mbele ya mitambo ya kurekodi ya kampuni ya santuri ya HMV. Nawaomba jambo moja tu: maandalizi ya mwaka huo yaanze sasa, na kazi yake kubwa iwe kuzitafuta zile santuri zenyewe, kuzinakili vizuri na kuzirudisha mikononi mwa watu wetu. Sherehe mnaweza kuipanga kwa miezi mitatu ikapendeza. Kuzikusanya sauti zilizotawanyika pwani nzima, na nyingine ng'ambo ya bahari, hakuwezekani kwa miezi mitatu.

Huenda mtu akauliza kwa nini tuushike mwaka 1928 na si mwaka aliozaliwa. Jibu lake linanigusa sana. Wolfgang Amadeus Mozart alizaliwa Salzburg tarehe 27 Januari 1756, kesho yake akabatizwa, na kanisa likaandika. Ndiyo maana mwaka 2006, alipotimiza miaka 250, mji wake ulijua siku ya kukesha, na tamasha la Salzburg likapanga kuonyesha kazi zake zote 22 za jukwaani katika msimu mmoja. Bi Siti alizaliwa Fumba, katika nyumba ya watu maskini waliotoka bara, na hakuna aliyeona haja ya kuandika siku wala mwezi. Tunasema kwa kukisia kwamba ilikuwa kama mwaka 1880. Hakupelekwa shule wala chuoni, kwa hiyo ujana wake nao haukuacha karatasi. Mtu wa kwanza kumwandikia tarehe ya kazi yake alikuwa fundi wa mitambo, kwa sababu kampuni ilitaka kila santuri iwe na namba na siku yake kwenye daftari. Biashara yao ndiyo iliyotuachia tarehe. Basi kwa msanii wa tabaka lake, mwaka wa santuri ndio cheti cha kuzaliwa tulicho nacho.

Najua wengi wenu habari zake mnazijua. Ila barua hii itasomwa pia na vijana, na kuna wanaolijua jina la Siti binti Saad lakini hawajawahi kuisikia sauti yake hata dakika moja. Alikuwa akiuza vyungu. Akivitoa Fumba kwa miguu na kuvinadi njiani kwa kuimba, na watu wakiijua sauti kabla ya kumwona mwenye sauti. Mwaka 1911 akahamia mjini. Muhsin bin Ali akamfundisha, na baadaye wakakusanyika naye mafundi wengine: Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Mwalimu Shaaban, na Mbaruku wa Mombasa. Wapinzani wake wakamtungia maneno ya kumkejeli, kwamba huyu ni wa shamba, alikuja mjini amejifunga kaniki, na asingekuwa na sauti asingekula. Yeye akawajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Jibu lile bado watu wanaliimba.

Kabla yake taarab ilikuwa mambo ya kasri. Sultani Barghash bin Said ndiye aliyempeleka Mohammed Ibrahim Misri kujifunza ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na mwaka 1905 kikaanzishwa Ikhwani Safaa, chama ambacho hadi leo kipo. Waliokuwa wakiimba waliimba Kiarabu. Bi Siti alichukua sanaa ile akaipeleka Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe, kwa Kiswahili cha wanaofua, wanaochukua mizigo, wanaoshitakiana mahakamani. Wimbo wa Kijiti, mmoja kati ya nyimbo zake zinazokumbukwa sana, unasimulia kuuawa kwa mwanamke mgeni na jinsi muuaji alivyotoroka. Hakuna gazeti la wakati ule lililoiandika habari ile kwa jicho la wanawake wa Ng'ambo. Wimbo uliiandika. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya santuri hizi tunazungumza pia juu ya nyaraka, na Kilimani wanajua zaidi yangu thamani ya waraka ambao nakala zake zinapungua.

Kuna jambo la ufundi ambalo naomba lizingatiwe, kwa sababu linaonyesha bahati tuliyopata. Mpaka katikati ya miaka ya 1920 mwimbaji alikuwa akiimba ndani ya pembe kubwa, na nguvu ya pumzi yake peke yake ndiyo iliyochonga santuri. Sauti nyembamba zilipotea, ala za nyuzi zilisikika kwa mbali. Mwaka 1925 maikrofoni na umeme vikaanza kuchukua nafasi ya pembe. Bi Siti alifika Bombay miaka mitatu tu baadaye. Angetangulia miaka mitano, tungebaki na kivuli cha sauti. Alivyokwenda 1928, udi unasikika, fidla inasikika, na pale anapoivuta herufi ya mwisho ya mshororo mtu anaisikia pumzi inavyoisha.

Nimewahi kuishika mojawapo ya santuri za zama zile, katika nyumba ya bibi mmoja wa hapa Unguja ambaye sitamtaja. Aliitoa kwenye kasha, imefungwa kwa kanga iliyopauka, chini ya karatasi za nyumba na picha za harusi. Ni nzito kuliko inavyoonekana. Karatasi ya katikati ina picha ya mbwa anayesikiliza santuri, na maandishi yamefifia kiasi cha kuhitaji kuinamisha kichwa ili mwanga uyapige kwa upande. Ufa mwembamba umeanzia ukingoni ukaingia ndani kama upana wa kidole gumba. Bibi akanieleza kuwa mjukuu wake alitaka kuifuta kwa spiriti ing'ae. Nashukuru hakuifuta. Santuri zile zimetengenezwa kwa shelaki, aina ya utomvu mgumu, na spiriti huiyeyusha shelaki. Santuri ingeng'aa mara moja halafu isingelia tena. Haipindi pia. Ikidondoka huvunjika kama chungu.

Vijana wenye nia njema huko mitandaoni wanazipiga santuri hizi kwa mashine za LP, yaani za santuri za plastiki zilizokuja baadaye. Sindano ya LP ni nyembamba mno kwa mfereji wa santuri ya zamani. Huzama chini kabisa, ikasoma vumbi na mikwaruzo badala ya sauti. Hata kasi ni jambo la kupimwa, maana santuri inayoitwa ya mizunguko 78 kwa dakika si lazima ilirekodiwa kwa mizunguko 78 kamili, na kosa dogo la kasi humfanya mwimbaji asikike mtoto au mzee. Nazungumzia mambo haya madogo kwa makusudi. Ni kazi ya fundi aliyesomea, mwenye vifaa, anayelipwa mshahara, na aliye chini ya ofisi inayowajibika. Haifai kuachwa iwe hisani ya mtu mmoja mwenye kompyuta chumbani kwake.

Naomba sasa niwaonyeshe mji mmoja ambao mambo yake yalikuwa karibu sawa na yetu. Unaitwa Bristol, nusu yake iko jimbo la Tennessee na nusu Virginia, huko Marekani. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 1927, Ralph Peer wa kampuni ya Victor alifika pale na mitambo ya umeme, akaifunga katika ghala la kofia, akarekodi waimbaji wa milimani ambao hakuna redio kubwa iliyowajali. Miongoni mwao walikuwa Jimmie Rodgers na familia ya Carter. Victor na HMV zilikuwa kampuni ndugu, na mbwa kwenye santuri zao ni yuleyule. Mwaka mmoja kabla ya Bombay, wimbi lilelile la kampuni kutafuta sauti za watu wa kawaida ndilo lililofika Bristol. Ghala lenyewe halipo tena. Lakini mwaka 1998 Bunge la Marekani liliutambua mji ule kuwa ndipo muziki wa kantri ulipozaliwa, na mwaka 2014 ukafungua makumbusho yenye kituo chake cha redio ndani. Wenyeji wa Bristol hawakungoja mwaka wa 100. Walianza mapema, wakakusanya, wakajenga, ili karne itakapotimia mgeni akute kitu cha kusikiliza.

Karibu zaidi nasi iko Cairo, ambako taarab yetu ilichota. Umm Kulthum alifariki tarehe 3 Februari 1975. Misri ina makumbusho yake tangu 2001, kwenye kasri la Manasterly pembeni mwa Mto Nile, na ilipotimia miaka 50 ya kifo chake Wizara ya Utamaduni iliutangaza 2025 kuwa mwaka wake. Rumba ya Kongo nayo: mwaka 2021 serikali mbili, ya Kinshasa na ya Brazzaville, zilikwenda UNESCO pamoja na zikarudi na jina lake kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Serikali mbili, jambo moja. Nawakumbusha hilo kwa sababu kwetu utamaduni si jambo la Muungano, na nimeona mara nyingi karatasi ikienda Dodoma ikaambiwa hili ni la Zanzibar, ikaenda Zanzibar ikaambiwa fedha ziko Dodoma. Wazazi wa Bi Siti walitoka bara, yeye kazaliwa Fumba, mwenzake katoka Mombasa, na santuri zao zikasikika pwani nzima. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufungiwa katika ofisi moja, na Kenya waalikwe kama wenye mali, wasialikwe kama wageni.

Tumepata kupitwa. Ikhwani Safaa walipotimiza miaka 100, mwaka 2005, diski ya kumbukumbu ya karne yao ilitolewa na Buda Musique ya Paris. Naishukuru kampuni ile kwa dhati, kwa sababu imefanya kazi nzuri kwa taarab yetu, na diski ile ninayo. Lakini naomba tujiulize kwa nini karne ya chama chetu kikongwe iwe na nembo ya Paris. Na kama mtu anadhani kwamba vitu vya thamani vitatungoja, tukumbuke tarehe 25 Desemba 2020, Beit al Ajaib ilipoporomoka mbele ya macho yetu na kuua watu. Jumba la Barghash, yuleyule aliyeleta ganuni. Nyufa zake tulikuwa tukizitazama miaka mingi.

Kazi ninayoiomba ina sehemu tatu au nne zinazoshikana. Ya kwanza ni barua tu, na haina gharama. Kampuni iliyorekodi Bombay iliungana na Columbia mwaka 1931, ikazaliwa EMI, na kumbukumbu za EMI zimehifadhiwa Hayes, magharibi mwa London. Wizara iandike rasmi, iombe orodha ya santuri zote za Kiswahili zilizoandikwa kwenye madaftari ya 1928 na miaka iliyofuata, na iulize ni chapa zipi za chuma, zile zilizotumika kugandamizia santuri, au nakala zipi zimesalia. Barua ya mpenzi wa muziki kama mimi hujibiwa kwa heshima kisha mambo huishia hapo. Barua yenye muhuri wa Serikali hufungua kabati. British Library nao waandikiwe.

Nyingine ni ya nyumbani. Yatolewe matangazo ZBC na TBC, kwa lugha ya kuwatuliza watu na si ya kuwatisha, kwamba mwenye santuri ya zamani aje nayo, itanakiliwa mbele yake, atapewa nakala ya sauti na risiti, kisha atarudi nyumbani na santuri yake. Narudia: atarudi nayo. Watu wameficha vitu hivi kwa sababu waliwahi kuazima picha na vitabu kwa maofisa na havikurudi. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda katika ofisi moja ya umma, sitaitaja, kusikiliza kanda niliyojua ipo, na baada ya kuzungushwa nikaambiwa aliyekuwa na ufunguo amestaafu. Msafara upite Mji Mkongwe na Ng'ambo, uende Pemba, uende Tanga, Bagamoyo na Dar es Salaam. Wenzetu wa Mombasa na Lamu wafanye vivyo hivyo kwao. Na Oman isisahauliwe. Kuna familia zilizoondoka Unguja zamani na masanduku yao, na katika baadhi ya masanduku yale, Maskati, mna santuri. Balozi zetu zinaweza kuifanya kazi hiyo.

Halafu nakala hizo zisifungiwe. Ziwekwe Kilimani, ziwekwe SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ziwekwe kwenye tovuti ambapo mtoto wa Micheweni au wa Kigoma anaweza kuzisikiliza bure, kila wimbo na maneno yake yaliyoandikwa sawasawa. Hapo ndipo BAKIZA na BAKITA wanapohitajika. Kiswahili cha nyimbo zile kina maneno ambayo wazee wachache tu waliobaki wanayaelewa kwa uhakika, na kila mwaka tunawazika. Tusipowakalisha sasa mbele ya sauti ile wakatueleza, ifikapo 2028 tutakuwa na sauti safi na maneno ya kukisia.

Kuhusu wanamuziki wa leo sina mengi, ila ninayo moja ninayoisema kwa nguvu. Wapo wanaojua kuzipiga nyimbo zile. Bi Kidude alikuwa akizichukua kwa Bi Siti mwenyewe tangu utotoni, akazibeba mpaka alipofariki Aprili 2013. Siti Muharam, kitukuu wa Bi Siti, alitoa albamu mwaka 2020. Ikhwani Safaa wapo, Culture Musical Club wapo, na chuo cha muziki cha nchi za majahazi kimewafunza vijana udi, ganuni na fidla kwa zaidi ya miaka 20. Hawa walipwe. Walipwe mazoezi, si usiku wa sherehe tu, na walipwe kabla ya mgeni rasmi kuondoka. Wapewe mwaka mzima wa kujifunza nyimbo kutoka kwenye nakala mpya, wakitaka hata kuzibishia. Na nawasihi sana, usiku wa kilele usiwe wa pleibeki. Haiwezekani tukaadhimisha siku ambayo watu wetu waliimba mubashara mbele ya maikrofoni, bila kukarabati, kwa mtu kufungua mdomo huku CD ikilia.

Tarehe nazo zimejipanga zenyewe. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyopitishwa na UNESCO mwaka 2021. Bi Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Siku mbili zinazofuatana. Kila mwaka tunatoa hotuba tarehe 7 juu ya ukubwa wa lugha yetu, halafu tarehe 8 inapita, siku ya mwanamke aliyeifikisha lugha hiyo kwenye santuri. Hatuhitaji kungoja 2028 kwa hilo. Julai ijayo redio zote mbili za taifa zianze kupiga nyimbo zake tarehe 8 kuanzia alfajiri, na mtangazaji aeleze kila wimbo unahusu nini.

Na Fumba ikumbukwe. Mji mpya unajengwa pale, maghorofa, mitaa, viwanja. Mitaa mipya inahitaji majina, na shule mpya zitahitaji majina, na ukumbi ukijengwa utahitaji jina. Aliyetoka Fumba na vyungu kichwani bado hana mbele ya wageni wanaonunua nyumba pale alama inayolingana naye. Wenye kuidhinisha ramani wanaweza kulirekebisha hilo kwa saini.

Naomba isije ikawa mnalisoma hili kama lawama. Wapo maofisa ninaowajua ndani ya ofisi zenu wanaoupenda muziki huu kuliko mimi, wanaohifadhi kanda kwenye makabati yasiyo na kiyoyozi na kuzigeuza kwa mikono yao ili zisigande. Naandika ili wapate bajeti na amri ya kazi.

Ninachokisubiri kutoka kwenu ni majibu ya maswali matatu, na yatolewe hadharani ili kila mtu ayasikie. Nani ameteuliwa kusimamia mwaka 2028, kwa upande wa Zanzibar na kwa upande wa bara? Barua ya kwenda Hayes itatumwa lini? Na bibi mwenye santuri kwenye kasha aipeleke wapi, kwa nani, siku gani?

Wenu mtiifu,
Mpenzi wa taarab, Unguja